Chai Isiyomwagika

Acheni niungame. Kwa miezi miwili niliwaficha walimu wenzangu kizunguzungu changu, nikihofia kunyang'anywa darasa. Nafundisha jiografia hapa Lanet, na huwaeleza wote shuleni, wanafunzi na walimu, polepole: Bonde la Ufa hutetemeka, lakini mkihisi sakafu ikiyumba, tazameni kwanza kama maji kikombeni yanacheza.

Jumatatu, wakati wa chai, sakafu iliyumba. Mimi mtaalamu sikutazama kikombe chochote. Nilipaza sauti, "Tetemeko! Tokeni!" nikagonga kengele, na shule nzima ikamiminika uwanjani.

Madam Chebet, naibu wa mwalimu mkuu, alitoka mwisho.

"Mwalimu, chai yangu imejaa pomoni pale mezani na haijamwagika hata tone," alisema mbele ya wote. "Kwani umekuwa ukisikia kizunguzungu tangu lini?"