Kinacholishika Gari Mteremkoni

Nisikilize kidogo, mwanangu, kabla hujawasha gari. Haya magari ya umeme yameshuka bei, na sasa hata sisi wa Tukuyu tunayaona yakipita. Mjukuu wangu Atupele amenunua moja, dogo, jeupe, anabeba abiria kati ya hapa na Kyela. Kila akiegesha hapa Makandana vijana wanamzunguka na maswali. Chaji inafika Mbeya? Umeme ukikatika wakati wa mvua, unafanyaje? Betri ikichoka, fundi yuko wapi? Ni maswali mazuri, na mengine sina majibu yake. Ila ukiwasikiliza vizuri, wote wanaogopa kitu kimoja, kuishiwa chaji njiani. Mimi naogopa kingine.

Juzi Atupele alinipeleka Kyela. Tulipoanza kuteremka gari lilikuwa kimya, nasikia matairi na mvua tu. Nikashika mpini wa mlango kwa mikono miwili.

"Bibi, halijazimika," akacheka. "Ndivyo lilivyo."

Nikamwambia najua. Nilikuwa nimekumbuka siku moja, zamani, lori lilipotupita kwenye barabara hiyo hiyo, kimya vile vile.

Nilikuwa binti bado, nafanya biashara ya viazi. Nilinunua kwa wakulima huku juu, nikapeleka Kyela kwa lori, nikarudi na mchele. Miaka ile dizeli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na madereva wengi walikuwa na ujanja wao. Wakifika barabara inapoanza kushuka, walitoa gia na kuzima injini kabisa. Lori likateleza kwa uzito wake mpaka kule kwenye tambarare. Dizeli iliyobaki dereva aliiuza, na tajiri mwenye lori hakujua.

Kaka yangu Asajile alikuwa mmoja wao. Alikuwa kijana mcheshi, hodari wa usukani, na watoto wa kando ya barabara wote walijua jina lake. Siku hiyo lori lake lilikuwa na mzigo wa mbao, kwa hiyo viazi vyangu vilipakiwa kwenye lori la mzee Ambakisye, ambaye sote tulimwita taata, yaani baba. Taata hakuzima injini hata siku moja. Alishuka na gia namba mbili tangu juu mpaka chini, polepole, hata akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani walitusalimia, na salamu zetu unazijua zilivyo ndefu, tukaitikia zote mpaka mwisho.

Asubuhi ile Asajile alimkuta anakunywa chai stendi.

"Taata, unapeleka viazi au unasindikiza maiti?"

Watu wakacheka. Taata akatabasamu, akapuliza chai yake. "Viazi havina haraka," alisema.

"Haya, vikiota njiani utuletee mbegu."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka. Alikuwa kaka yangu, na alijua kuchekesha.

Tulitangulia kuondoka. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Njiani nikamuuliza taata kwa nini asizime injini kama wenzake, tuwahi soko. Hakukasirika.

"Binti, breki ni za kusimamisha gari," alisema. "Hazikuwekwa kulishika mlima mzima. Ukizikanyaga toka juu mpaka chini zinapata moto, na zikipata moto hazikamati tena, ni kama umekanyaga matope. Kinacholishika lori ni injini, hii unayoisikia inalia. Ukiizima umebaki na breki peke yake, na hata hizo breki zinategemea upepo unaotoka kwenye injini hiyo hiyo."

"Asajile anajua hivyo?"

Alitazama kioo cha pembeni.

Haikupita muda, lori likatupita. Sikulisikia likija. Niliona tu rangi ya bluu dirishani, na mkono wa Asajile ukitupungia. Alikuwa peke yake ndani, namshukuru Mungu kwa hilo. Injini ilikuwa imezimwa. Zile mbao na uzito wake wote vilikuwa vinakwenda bila mlio, kisha lori likapotea kwenye kona.

Tulilikuta chini, limelala katikati ya migomba upande wa bonde. Kwanza ilinifikia harufu ya breki zilizoungua. Taata akaniambia nisishuke. Nilishuka. Sitakueleza yote niliyoyaona, mwanangu. Nitakueleza tu kwamba mguu wake wa kulia ulikuwa bado umekanyaga breki.

Tulimzika nyumbani, Kawetele. Wanaume walipomaliza kufukia, taata alinijia ameshika kofia mkononi.

"Nilijua," akasema. "Nilijua atafika huko. Pale stendi nilikuwa na maneno mdomoni, nikaona watanicheka zaidi. Nikapuliza chai."

Nilitaka kumwambia haidhuru, lakini ilidhuru, na sikuweza kusema uongo mbele ya lile kaburi. Tangu siku hiyo taata alimwendea kila dereva kijana, dirisha kwa dirisha, akamwambia habari ya injini na breki. Walimcheka. Aliendelea kuwaambia mpaka alipoacha kazi.

Kwa hiyo na mimi nasema, na ukitaka kucheka, cheka.

Gari la umeme nalo lina kitu kinacholishika mteremkoni. Ukiinua mguu kwenye kanyagio la mwendo, mota yake inageuka kuwa ya kuzalisha umeme. Nguvu ya kuteremka inarudi kwenye betri, na gari linapungua mwendo lenyewe. Ni kazi ile ile ya gia namba mbili ya taata, ila haipigi kelele. Sasa fikiri pamoja nami. Umeme huo unahitaji mahali pa kuingia. Betri ikiwa imejaa pomoni, hauna pa kwenda, na magari mengi hapo yanaacha kushika. Mtu wa Dar es Salaam hilo halimsumbui, barabara yake ni tambarare. Sisi tunalala juu, tunachaji juu, na safari yetu inaanza na mteremko. Tunaogopa kuishiwa, tunajaza mpaka mwisho, halafu tunaingia mlimani na breki peke yake.

Atupele yalimpata wiki yake ya kwanza. Alikuwa amejaza betri kabisa. Katikati ya mteremko akaona gari limekuwa jepesi, halikamati kama lilivyozoea, akakanyaga na kukanyaga mpaka abiria mmoja akauliza nani anachoma plastiki. Bahati akapata mahali pa kuegesha, akangoja breki zipoe. Alinisimulia kama kichekesho. Nilitoka nje nikakaa kibarazani, kisha nikarudi nikamweleza habari za kaka yangu, ambazo nilikuwa sijamweleza mtu yeyote hapa nyumbani.

Wala usiogope kwamba ukiacha nafasi hutafika. Kushuka kunakula chaji kidogo sana, na mara nyingine unafika chini ukiwa nayo zaidi ya ulivyofikiri. Kupanda ndiko kunakokula. Kwa hiyo chajia huko Kyela kabla ya kurudi, kama Atupele anavyofanya kwa shangazi yake, na huko jaza utakavyo, maana mbele yako ni mlima wa kupanda. Na mtu akikuambia utoe gia ili gari liteleze bure, jua kwamba ukitoa gia mota haikushiki tena. Ni ujanja ule ule wa zamani.

Gari ni zuri, mwanangu, na wewe ni dereva mzuri. Sikukatazi kuliendesha. Kyala akusaye, Mungu akubariki wewe na wote watakaokaa kwenye viti vyako, akushushe salama na akupandishe salama.

Jioni ukichomeka waya, lipangie gari liache kuchaji betri ikiwa bado na nafasi ya robo, na asubuhi usianze kushuka kabla hujainua mguu na kuhisi kwamba limekushika.