Swali Nililomzuia Swaleh

Jumanne ya mwisho kabla ya Ramadhani iliyopita tulimpoteza mama. Tulikuwa tumeshapoteza kitu kingine kabla yake, na hicho nilikipoteza mimi. Acha nikueleze, mwanangu, maana siku niliyokipoteza naikumbuka hadi harufu ya chakula.

Mimi niliishia darasa la saba, nashona kofia hapa Kibokoni. Aliyesoma kompyuta ni mdogo wangu Swaleh. Mama yetu alikuwa akiosha maiti za wanawake, yeye na shoga yake Bi Rukia wa Tononoka. Waliahidiana tangu usichana wao: atakayetangulia, mwenzake atamuosha. Swaleh alichoka kuwaona wakitafutana kila penye msiba, akatengeneza programu, akaiita Tuzikane. Chama cha maziko kikijiunga, mtu mmoja anabonyeza tu, na wanachama wote wanapata ujumbe: nani amefariki, anazikwa wapi, saa ngapi.

Vyama vya hapa karibu vilijiunga. Ili ifike mbali, Swaleh akashauriwa atafute mtandao wa mawakala, yaani kampuni yenye watu wanaotangaza bidhaa za wengine kwenye simu, na kila mteja anayepitia kwao wanapata kamisheni. Ikawa tuchague kati ya mitandao miwili.

Kutoka mtandao wa kwanza alipiga simu mama mmoja wa bara. Hakuuliza habari za nyumbani. Alianza kwa maswali: nani anaruhusiwa kutumia jina la Tuzikane, kila tangazo litakaguliwa na nani. Alisema Swaleh atamkubali au kumkataa kila wakala mmoja mmoja, na kazi itakwenda polepole. Nilimwambia Swaleh, "Huyu hana adabu."

Bwana wa mtandao wa pili alikuja mwenyewe, amevaa kanzu. Alitusalimu kwa kituo, akamuulizia mama, akamtaja babu yake aliyekuwa akiswali na baba yetu. Mama akampikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tulipokuwa tunakula, Swaleh akaanza, "Hao mawakala wenu, mwawajua? Nani huona ujumbe wao kabla..."

Nikamkanyaga mguu kando ya sinia. Akainamia wali.

Sikufanya vile kwa ubaya. Nilipokuwa barobaro niliwahi kumuuliza mgeni wa baba kazi yake ni ipi, naye hajanawa mikono. Baba alinitoa barazani mbele ya watu. "Umemlisha mtu au umemkamata?" akaniuliza. Tangu hapo sikuwahi kumhoji mtu aliyekula kwetu. Posa ikija, tunaulizia hadi babu wa bwana harusi, lakini kwa wengine, si mbele yake. Huyu hatukumuulizia popote. Alijua kusalimu, nami nikaona yatosha, tukamchagua yeye.

Mwezi wa pili wa kazi yao zikaanza kusambaa jumbe: "Tuzikane: mtu wako wa karibu amefariki. Bofya ujue ni nani." Ukibofya, unaletewa tangazo la kununua programu yetu.

Kijana mmoja wa Majengo aliacha kazi bandarini akakimbia kwao, akamkuta mamake amekaa akimenya muhogo. Alikuja hadi mlangoni kwetu, jasho linamtoka. "Mumenizikia mama yu hai! Mwauza nini nyinyi, vilio?"

Swaleh akampigia yule mgeni wetu. "Ndugu yangu, hao mawakala ni wengi," akajibu. "Wengine hata siwajui wako nchi gani." Tukajitoa. Jumbe hazikukoma. Swaleh aliandika kuomba radhi hadi vidole vikamuuma, lakini watu walikuwa wameshajizoesha: wakiliona jina la Tuzikane, wanafuta.

Mama akafariki alfajiri. Swaleh akatuma ujumbe kwa programu yake mwenyewe. Nambari ya Bi Rukia ninayo, mwanangu, lakini kwa kuwa ujumbe ulikwisha kwenda, sikumpigia. Tulimngoja hadi maji ya kuoshea yakapoa mara mbili. Mwisho mke wangu na jirani wakamuosha mama, nao hawaijui kazi hiyo. Majirani wa kichochoro walikuja maziko, sitasema uongo. Wa Majengo na Tononoka, ambao mama aliwaoshea mama zao, hawakuja.

Basi siku utakapompa mtu jina lako akalitangaze, muulize ni nani hasa watakaosema kwa jina hilo. Uyaone maneno yao kabla hayajatoka. Ujue pia wakisema uongo nani atawanyamazisha. Muulize hata kama ni mgeni wako na mkono wake ungali na mchuzi. Akikasirika, akasirike. Na mdogo wako akifungua kinywa kuuliza, muache amalize. Mungu akupe ujasiri nilioukosa mimi, na siku yako ikifika, akuletee mikono uliyoitaka.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tumekaa nje kwenye mikeka ya matanga. Bi Rukia akatokea kichochoroni na mkate wa mofa mkononi, kama ajavyo kila Jumatano kunywa kahawa na mama. Alipoiona mikeka alisimama.

"Yarabi! Nani tena huyu?" akasema, huku ameshaanza kukunja mikono ya baibui. "Yuwapi shoga yangu? Muiteni, tukaoshe."

Swaleh akageukia ukuta. Nikainuka, nikaupokea ule mkate.