Siku Tuliyogombana Jangwani

Mume wangu aliniambia anarudi Unguja tukiwa tunakula samaki changu wa kukaanga. Hakusema turudi. Alisema, "Mimi mwezi wa pili narudi nyumbani. Wewe baki na wajukuu." Kisha akaendelea kuchambua miba.

Nikamwambia, "Haya." Nikamwongezea wali. Moyoni nilitaka kummwagia bakuli la mchuzi kichwani.

Mtashangaa kwa nini sikusema kitu. Mimi na yeye tulifanya kazi nyumba moja hapa Dubai, tangu nywele zetu nyeusi. Yeye dereva, mimi mpishi na yaya. Yeye alilala chumba cha madereva pale getini, mimi chumba kilichoshikana na jiko. Tulikuwa mume na mke siku ya Ijumaa, tena kama madam hana wageni. Jamaa zetu kule nyumbani walikuwa wakitutolea mfano, eti wale hawajawahi kugombana. Tungegombania wapi? Nyumbani kwa watu hupazi sauti. Nikimkasirikia nilimjazia pilipili kwenye sahani yake. Naye alijua. Alikula kimya, machozi yanamchuruzika, kisha anarudisha sahani na kusema ahsante.

Tukazeeka hivyo. Arbab, bwana mwenye nyumba, alipofariki na watoto wake wakaoa na kuhama, madam akatuambia khalas, mmefanya kazi ya kutosha, pumzikeni. Tukahamia kwa binti yetu, International City, na hapo nikaanza maisha. Nina wajukuu wawili. Mkubwa anazungumza Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili, na akighadhibika anatukana kwa Kihindi alichookota kwenye lifti. Mdogo nimemkanda mwenyewe kwa mafuta tangu ana wiki, ndiyo maana ana miguu ile imara. Sijisifu, nasema ilivyo. Watoto wangu wa kuzaa aliwalea mama yangu Unguja, mimi huku nikiwaogesha wa madam. Hawa wajukuu ndio damu yangu ya kwanza niliyoiogesha kwa mikono hii. Sasa mtu ananiambia nibaki nao, kama ananifanyia hisani, halafu yeye anaondoka.

Na yeye alikuwa amenyauka, hilo nililiona. Alikaa dirishani na rimoti mkononi, televisheni haijawashwa, anatazama mabasi.

Binti yetu si mjinga. Anafanya kazi ofisini kule Silicon Oasis, siku nzima anasoma nyuso za watu. Akaniuliza, "Mama, mna nini nyinyi?"

"Hatuna kitu."

"Basi chukueni gari la mume wangu mwende Liwa. Baridi ndiyo hii, Dubai nzima iko jangwani, nyinyi mmejifungia humu."

Mimi jangwa nalijua. Kila msimu wa baridi familia ya arbab ilikwenda kupiga mahema, na sisi tukaenda nao. Wao walikwenda kutazama nyota. Mimi nilikwenda kupika biriani kwenye upepo, na mume wangu alikwenda kupigilia vigingi. Lakini binti alikuwa ameshakodi chumba kwa simu, kando ya shamba la mitende. Nikafunga chapati, nikajaza chupa ya chai, tukaondoka.

Sasa sikilizeni kichekesho. Asubuhi ile nilifungua mlango wa nyuma nikaketi. Yeye akazunguka, akanifungia mlango taratibu, akaenda kushika usukani. Tukatoka mjini. Dereva haongei mpaka asemeshwe, na mimi kiti cha nyuma nimezoea kutulia, mtoto asiamke. Akanitazama kwenye kioo, akapunguza kiyoyozi bila kuuliza. Tukaipita Abu Dhabi hivyo hivyo, kimya, kama tunampeleka mtu hospitali.

Kituo cha mafuta tukashuka kununua maji. Muuzaji alikuwa mwanamke Mkenya, mcheshi. Aliposikia Kiswahili changu akafurahi kama ameona bibi yake.

"Karibu sana, shosho. Na dere wako pale nje, hanywi kitu?"

"Dereva gani? Yule ni mume wangu."

Akachungulia kwenye kioo cha duka. "Wueh! Na ulishuka kutoka nyuma! Shosho, umemkosea nini, ama ni yeye amekukosea?"

Watu dukani wakageuka. Nikalipa maji yangu, nikatoka, nikafungua mlango wa mbele. Mume wangu akanitazama kama nimepanda gari la mtu mwingine.

"Nini?" nikamuuliza.

"Hapana. Funga mkanda."

Kuanzia hapo ni barabara ya Hameem, mchanga kushoto, mchanga kulia, na uzio wa kuzuia ngamia. Nilipokuwa nyuma jangwa lilipita ubavuni. Mbele linakujia usoni. Mchanga ulianza mweupe, ukawa wa rangi ya manjano, halafu mwekundu kama samli iliyoungua. Nikamwonyesha. Akasema ndiyo, mzuri. Basi.

Alasiri akaona njia ya magurudumu inaacha lami, inakwenda nyuma ya kilima cha mchanga. Akasema tukale pale, pana kivuli. Akaingia. Hatukufika hata kwenye kivuli. Gari likanguruma, likainama, likakaa chini kama ng'ombe aliyegoma.

Akakanyaga mafuta. Likazama zaidi.

Tukashuka. Nikayatazama matairi, yamejaa, yamevimba. Mtu yeyote wa huku anajua kwamba kabla hujaingia mchangani unasimama, unatoa upepo kwenye matairi ili yatandae.

"Hukutoa upepo," nikamwambia.

"Nimesahau."

"Umesahau? Si wewe uliyekuwa ukipiga magoti mbele ya kila gari la nyumba ile?"

"Kwa sababu arbab alikuwa akiniamuru! Mimi nangoja kuambiwa, ndivyo nilivyozoea! Wewe mbona hukuniambia?"

"Mimi arbab wako?"

"Wewe huambii mtu kitu! Husemi! Nimekwambia naondoka, ukasema haya! Haya! Kama nimekwambia nakwenda kununua mkate!"

Alikuwa anapiga kelele. Mume wangu! Sikuwahi kuisikia sauti ile, sikujua hata kama anayo. Na yangu ikatoka, tena ikatoka kubwa kuliko yake.

"Ulitaka nifanye nini, nikushike miguu? 'Wewe baki na wajukuu!' Nani kasema hivyo, mimi au ngamia?"

Ngamia walikuwepo kweli, upande wa pili wa uzio, watatu wanne. Wakaacha kutafuna, wakatutazama.

"Nimesema hivyo kwa sababu nina macho!" akasema. "Nilikuwa nakuona pale dirishani kwa madam, unamwimbia mtoto wake, na wako yuko Unguja ana homa. Nilikuwa nakuona, sina la kufanya. Leo umepata wajukuu, nije nikutoe kwao mimi? Nikwambie twende ukanipikie? Sina uso huo."

"Na kwa nini uondoke wewe?"

"Nikikaa dirishani pale mwaka mwingine nitakufa na rimoti mkononi. Nyumba yetu kule Unguja ina paa, ina milango, ina kisima, haina watu. Nataka kuamka nifungue mlango wangu mwenyewe."

Nikapumua.

"Na nani kakwambia ningekupikia?" nikamuuliza.

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Anacheka. Akakaa chini mchangani na kanzu yake safi, anacheka mpaka anajishika mbavu. Na mimi nikakaa, maana magoti yangu hayana mzaha.

Alipotulia akasema, "Basi nakuuliza sasa. Tutarudi pamoja?"

"Kwanza toa gari. Siwezi kujibu jambo kama hilo nikiwa nimekwama."

Akatoa upepo, tairi moja baada ya jingine, anabonyeza kwa kijiti, linalia fsss. Mimi nikafukua mchanga kwa mfuniko wa sufuria ya chapati. Halafu akaniambia nikae kwenye usukani, yeye asukume. Mimi! Katika maisha yangu sijawahi kushika usukani hata wa gari lililozimwa.

"Kanyaga pedali ya kulia, polepole!"

Nikakanyaga ya kulia, si polepole. Gari likaruka likatoka, likaendelea kutoka, likafuata ile njia ya magurudumu, na yeye nyuma anakimbia, kanzu ameiinua magotini, anapiga kelele, "Breki! Mwanamke we, breki! Ya kushoto! Ya Rabi, ataniua na gari la mkwe!"

Lilisimama lenyewe kwenye tuta la mchanga. Nilishuka nimenyoosha shingo kama mtu mwenye leseni.

Usiku ule, tulipofika Liwa, sikumjibu, wala hakuniuliza tena. Lakini tuliongea. Aliniambia mambo ya nyumba ya arbab ambayo mimi sikuyajua, nami nikamwambia asiyoyajua yeye. Nilihisi nimekutana na mtu. Tena mtu mwenye maneno mengi.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Nilitoka nikasimama mlangoni na blanketi, nikautazama mchanga ule mkubwa nyuma ya mitende. Niliwafikiria wajukuu, na roho iliuma, siwezi kusema haikuuma. Lakini wale mama yao anarudi jioni. Kila jioni ufunguo unasikika mlangoni na wao wanakimbia. Binti yangu alipokuwa mdogo hakuusikia ufunguo huo. Watoto wake wanausikia. Basi mimi nina ruhusa. Na yule mzee aliyekuwa jikoni ananguruma na kikaango, nilitaka kugombana naye tena, chini ya paa langu, bila kuangalia nani anasikia.

Nikampigia binti yetu kwa video.

"Mama! Baba yuko wapi?"

"Anakaanga mayai."

"Baba? Anajua?"

"Hajui. Yanaungua. Sikiliza, mwambie mumeo tiketi ziwe mbili."

Macho yakamjaa machozi.

"Usilie," nikamwambia, "nitalia na mimi, na hapa nje kuna wageni wanakunywa chai."

Nyuma yangu mume wangu alikuwa amesikia. Kikaango kilinyamaza. Sikugeuka, nilimwachia nafasi yake.

Mdogo akamnyang'anya mama yake simu, uso wote umejaa kwenye kioo.

"Bibi, unakwenda wapi? Nani atanisuka?"

"Mama yako."

"Mama anavuta!"

"Mwambie anavuta. Piga kelele mpaka alegeze mkono. Na skuli ikifungwa uje Unguja na kitana chako, nikusuke mimi."