Fundi alibana konrodi kwa karatasi ya sigara, injini ikatoboka

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Ngara, sijaongeza chumvi, na naandika nikiwa na hasira.

Nina pikapu ya dizeli. Napeleka ndizi na maharage kutoka Kanazi hadi sokoni Nyakahura. Mzee wangu aliuza shamba lake la kahawa ndipo tukainunua, kwa hiyo nyumba nzima inakula hapo.

Injini ikaanza kugonga. Nikisimama, taa ya oili inawaka.

Nikaenda kwa fundi mmoja mtu mzima. Akashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akasema beringi za konrodi zimelika.

Kwa wasiojua, konrodi ni ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Beringi yake ni bamba laini linaloikumbatia krenki, na kati yake na krenki kuna upenyo mwembamba sana, oili inapita humo. Ukizidi, oili inamwagika pembeni, presha inashuka, vyuma vinagongana.

Hadi hapo alikuwa sahihi. Balaa ni dawa yake.

Alichukua ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaikunja, akaiweka nyuma ya beringi zile zile kuukuu, akaanza kufunga. Hakupima chochote.

Nikamuuliza, "Mzee, kwa nini tusitafute beringi mpya?"

"Kijana, mimi nafungua injini wewe hujazaliwa. Hapa tunabana tu, presha inarudi."

Na huku kwetu ukibishana na fundi mtu mzima unaonekana huna adabu. Wote pale gereji walinikata jicho. Nikamwacha afunge.

Taa ikazima kweli, watu wakampongeza. Kumbe presha imepanda kwa sababu oili haina pa kupita! Konrodi imebanwa, inasaga krenki kavu kavu.

Siku hiyo hiyo nikapakia ndizi. Nyakahura sikufika. Kishindo kimoja, konrodi imekatika, imetoboa bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, oili yote iko kwenye lami.

Nikampigia. Hata pole hakunipa.

"Ulipakia mno," akasema, akakata simu.

Mpuuzi kabisa. Fundi mwingine alipofungua, beringi zimeyeyuka na vipande vya karatasi bado vimo.

Wakuu, taa kuzima siyo kupona. Kama krenki imelika, ikachongwe, zifungwe beringi za saizi yake, na upenyo upimwe wewe mwenyewe ukiwa umesimama hapo hapo. Fundi akikataa kupima, ondoa gari lako hata kama ana umri wa babu yako. Acha waseme huna adabu.

Mzee wangu leo asubuhi ameenda kuchuma kahawa kwa kibarua, kwenye shamba alilouza. Hajanilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Mafundi mliomo humu, njooni mtetee hiyo karatasi ya sigara. Nawasubiri kwenye komenti.