Mke wangu alimeza dawa ya tezi mwaka mzima bila nafuu, nikamrudisha kwao

Wakuu, habari za saa hizi.

Wengi mnanijua kutoka jukwaa la kilimo, yule mbishi wa mambo ya pamba. Leo siji kubishana. Hii si chai ya kutunga, ni nyumba yangu mwenyewe, na kuna sehemu nitawaudhi. Someni mpaka mwisho ndipo mnitukane.

Naishi Lingeka, Meatu. Mke wangu tumwite Kabula. Nilipomuoa alikuwa mchapakazi kweli kweli, kwenye palizi ya pamba ananiacha nyuma mistari miwili huku anaimba.

Baadaye akabadilika. Uso ukavimba, sauti ikawa nzito, nywele zinakatika. Jua la huku mnalijua, lakini yeye anajifunika kitenge anasema anasikia baridi. Akikaa tu, kalala.

Nikampeleka hospitali Bariadi, wakapima damu. Daktari akasema tezi ya shingoni imezembea, haitoi homoni ya kutosha. Akaandikiwa levothyroxine, kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula, pengine maisha yake yote.

Nikapata matumaini. Tunaishi na mama yangu, na mambo ya ndani yote ni yeye, kwa hiyo nikamwambia: "Mayu, dawa yake anameza kabla ya kula."

Mama akalishika hilo kama amri. Kila asubuhi ng'ombe wakishakamuliwa anamjazia Kabula kikombe cha maziwa, anamsimamia ameze nayo kidonge. Hakuwa na ubaya wowote. Alimhurumia sana.

Miezi ikapita, nafuu hakuna.

Tukarudi Bariadi, kipimo bado kibaya, dozi ikaongezwa. Tukarudi tena, ikaongezwa tena. Daktari alimuuliza kama anameza kila siku, kabla ya kula. Akajibu ndiyo. Na alikuwa anasema kweli.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu.

Msimu wa kuvuna pamba ukafika. Kabula anachuma kidogo, anakaa chini. Majirani wakaanza maneno, huyu anasema karogwa, yule anasema mvivu tu. Mimi nikashika la uvivu. Dawa si anameza? Dozi si imepanda? Sasa anaumwa nini?

Nikamwambia mbele ya mama: "Jiandae, nakurudisha kwenu wakakufunde upya."

Hakubisha. Alikunja nguo zake taratibu, kila akikunja mbili anapumzika, machozi yanamtoka. Mimi nimesimama mlangoni namwambia afanye haraka. Naona aibu hata kuandika.

Kwao ni Kasoli. Ni wakulima, hawana hata ndama. Nikamwacha na vidonge vya miezi mitatu, nikageuza.

Mwezi wa tatu tangu nimwache, nikaenda kumwangalia. Nikamkuta anatwanga mahindi, uso umerudi wa zamani, anacheka na mama yake. Mtu mwenye akili angemshukuru Mungu. Mimi nikapandwa na hasira.

"Kumbe ulikuwa unaigiza! Kwangu mgonjwa, kwenu mzima?"

Akaendelea kutwanga. Baba yake, mzee mpole sana, ndiye aliyenijibu: "Mkwe, mpeleke kwanza akapimwe. Matusi yatakusubiri."

Tukaenda wote wawili. Kwa mara ya kwanza kipimo kikatoka kizuri. Daktari mwenyewe alishangaa, akaanza kumhoji upya. Unaamka saa ngapi? Unameza na nini?

"Kwetu nameza na maji. Kule kwa mume wangu nilikuwa nameza na maziwa."

"Si nilisema kabla ya kula?"

"Maziwa si kula, daktari," Kabula akamjibu.

Na mimi hapo nilikuwa naitikia kwa kichwa! Kwetu ukinywa maziwa hujala. Kula ni ugali. Daktari akatueleza kwamba maziwa yana kalsiamu, inaishika dawa tumboni na sehemu kubwa inapita bila kufanya kazi. Anatakiwa ameze na maji matupu, asubiri nusu saa hadi saa nzima ndipo ale, na maziwa yakae mbali kabisa, zipite kama saa nne hivi tangu ameze kidonge.

Tulipotoka nje nikamwomba msamaha, nikamwambia twende nyumbani. Akaniambia bila hata kupandisha sauti:

"Nilipoumwa ulinirudisha. Nilipopata nafuu ukaniita mwongo. Nikija kwako nitakuwa nani?"

Akapanda gari la Kasoli.

Kwenu wenye mgonjwa wa tezi: dawa ikigoma, msianze na mgonjwa. Msimulieni daktari asubuhi yenu nzima, tangu mtu anaamka mpaka kikombe cha kwanza. Na dozi msiichezee wenyewe. Mimi nilitafuta kosa kwa mtu aliyekuwa anafanya kila alichoambiwa.

Nitasoma maoni yenu yote, hata ya ukali. Aliyewahi kuomba msamaha wa namna hii ukakubaliwa, anielekeze.

Ni miezi mitano sasa. Mama bado anauliza Kabula anarudi lini. Sijaweza kumwambia habari ya maziwa, wala maneno niliyomtamkia mkwe wake kule Kasoli.

Namjibu kwamba bado anaumwa.