Funda la Pombe ya Asali

Uwanda mzima wa Hanang ulijua kwamba pombe ya asali ya mzee Gidahuda haikupikwa kwa ajili ya kulewa. Walevi walikuwa na vilabu vyao Dongobesh. Hii ililegeza ulimi wa mzee ili aseme na wafu, na kilichokuwa moyoni ndicho kilichotoka. Kwa hiyo mwenye kinyongo hakuionja, maana baraka yake ingegeuka laana.

Wakati wa vita vya Hitla, mwanawe Joakimu alichukuliwa jeshini. Kijana alikuwa amebatizwa, na babu yake alipozikwa alikataa kumwaga pombe kaburini, akaiita mkojo wa shetani mbele ya ukoo wote. Sasa alikuwa amepiga magoti zizini, kifua wazi, akingoja baba amtemee pombe hiyo kifuani iwe baraka.

“Baba, nibariki. Kesho naondoka.”

Gidahuda alipiga funda moja, akalishikilia mdomoni. Joakimu akafumba macho. Pombe ilimchoma mzee ufizi, lakini hakutema. Alitafuta huruma moyoni mwake, akakuta maneno ya pale kaburini yamekaa palepale, bado mabichi.

Akameza.

Wazee wa ukoo waliokuwapo waliguna. Hawakuwahi kuona baba akimeza baraka ya mwanawe. Gidahuda alimnyooshea kibuyu mkewe, mama wa kijana, ambaye desturi haikumruhusu hata kukigusa.

“Mbariki wewe,” alisema. “Mimi nitamuua.”