Nyasi za Mzee Makokha Zilipohama

Watu waliomwita Nelima kutengeneza uwanja walikuwa na mazoea ya kuzungumza na Festus. Festus alikuwa shemeji yake, mrefu kama mwanzi, na alivaa kofia. Mwenye boma humshika mkono, akamwonyesha mahali anapotaka maua na anapotaka nyasi, akamweleza yote kwa kirefu, kisha akauliza bei. Festus husikiliza mpaka mwisho, halafu husema, "Uliza mama." Ndipo mwenye boma hugeuka na kumwona kwa mara ya kwanza yule mwanamke mfupi aliyekuwa nyuma yao, ameshika kamba ya kupimia.

Nelima hakukasirika. Alikuwa amegundua kwamba wakati Festus anaelezwa, yeye hupata nafasi ya kuangalia mteremko.

Kazi hiyo hakuisomea. Mwaka wa themanini na tisa aliajiriwa na daktari mmoja mstaafu, mtaa wa Milimani mjini Kitale, kufua nguo. Kamba ya kuanikia ilikuwa katikati ya bustani. Mtunza bustani alipoacha kazi, daktari alimwambia Nelima kwamba kwa kuwa yuko hapo nje kila siku, ashike na jembe. Akalishika miaka kumi na mmoja. Daktari alipofariki na nyumba kuuzwa, alitoka na mshahara wa mwezi mmoja, mkasi wa kukatia ua, na elimu yote iliyokuwa kichwani mwa marehemu kuhusu nyasi. Mumewe, Wanyonyi, alikuwa akiendesha trakta huko Tongaren na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Nelima alikodi kipande cha ardhi kando ya barabara, akapanda miche, akaanza kuitwa.

Mwezi wa tatu mwaka wa 2004 aliitwa Bungoma, kwa Mzee Bramwel Makokha.

Mzee Makokha alikuwa amestaafu kutoka ofisi moja ya serikali baada ya miaka thelathini na miwili ya kutia sahihi barua za watu wengine. Alijenga nyumba nzuri ya vyumba vinne kwenye mteremko, barabara ya kwenda Chwele. Binti yake Joan alikuwa amepata mchumba, Kipchirchir, na wazazi wa kijana walikuwa waje kutoka kwao Kwanza, karibu na Kitale, mwishoni mwa mwezi wa nne kuzungumza habari za mahari. Mzee alitaka wakute nyasi.

Alimweleza Festus kwa muda wa nusu saa.

"Uliza mama," akasema Festus.

Nelima alikuwa ameshazunguka boma mara mbili. Alikuwa amechimba kidogo kwa ncha ya jembe na kukuta kwamba chini ya udongo wa juu kulikuwa na mwamba laini kama sahani. Akafungua daftari.

"Kwa kuwa unataka haraka, hatuwezi kupanda vijiti vya nyasi tungoje viote. Tutaleta nyasi ya mkeka, ile inakatwa pamoja na mizizi yake. Lori mbili, na kukata, na usafiri, elfu kumi na nane. Udongo mweusi lori mbili, elfu sita. Samadi pikapu moja, elfu moja mia tano. Vibarua watano siku tisa, elfu tano mia nne. Mfereji huku juu wa kukinga maji na ukuta mdogo wa mawe huku chini, elfu kumi na tatu. Ufundi wangu elfu saba. Yote ni elfu hamsini na mia tisa."

Mzee Makokha alimgeukia.

"Nyasi?" akauliza.

"Nyasi."

"Si nyasi huota tu bure? Mimi nimeng'oa nyasi kwa shamba tangu nikiwa mtoto na hakuna mtu amenilipa."

"Hiyo ni ya kung'oa, Mzee. Hii ni ya kukaa."

Mzee aliomba daftari, akavaa miwani, akapitia hesabu kama alivyozoea kupitia bajeti za idara. Kalamu yake ilisimama kwenye mfereji.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya maji. Hapa Bungoma mvua haipigi hodi. Ikinyesha, maji yote ya huko barabarani yatapita hapa."

"Yamekuwa yakipita siku zote. Yanajua njia."

Mkewe, Mama Joan, aliyekuwa ameleta chai, alisema kwamba huyu mama anaonekana anajua kazi yake. Mzee alisema asante kwa chai. Kisha akaukata mfereji kwa mstari mmoja ulionyooka, pamoja na ukuta wake, na baada ya kuvutana kidogo wakaafikiana elfu thelathini na tano.

Nelima angeweza kukataa. Alilifikiria jambo hilo akiwa amesimama pale na kikombe mkononi. Lakini msimu huo alikuwa amekataa kazi mbili za namna hiyo, na zote mbili zilichukuliwa na mtu mwingine aliyesema ndiyo kwa kila kitu. Kwa hiyo aliandika chini ya hesabu: *Mfereji umekataliwa na mwenye boma.* Akamwomba Mzee atie sahihi. Mzee alitia sahihi kwa furaha. Ulikuwa muda mrefu hajaombwa sahihi.

Kazi ilikwisha siku ya tisa. Nyasi ilikatwa kwenye malisho ya mkulima mmoja wa Tongaren, ikapangwa vipande kwa vipande mpaka uwanja wote ukawa kijani. Joan alivua viatu akatembea juu yake. Mzee Makokha naye alivua, alipoona hakuna anayemtazama.

Siku tano baadaye mvua ilinyesha kuanzia saa nane mchana mpaka jioni. Asubuhi simu ya Nelima ililia.

"Mama," Mzee alisema, "nyasi imehama."

"Imehama kwenda wapi?"

"Kwa Sista."

Sista Chepkosgei alikuwa jirani wa upande wa chini, muuguzi mstaafu kutoka Mlima Elgon. Kati ya boma hizo mbili kulikuwa na ua wa seng'enge, ambao huzuia ng'ombe lakini hauna maoni yoyote kuhusu udongo. Nelima na Festus walipofika, waliuona mwamba wa Mzee Makokha umeoshwa safi. Chini ya seng'enge, uwanja wa Sista, ambao tangu zamani ulikuwa udongo mtupu wa kufagiwa, ulikuwa umefunikwa na nyasi. Vipande vingine vilikuwa vimejikunja na vingine vimepandana, lakini vingi vilikuwa vimelala vizuri kabisa, mizizi chini na majani juu, kana kwamba vimepangwa na mtu.

Sista alikuwa kwenye baraza akichambua maharagwe. Hakuinuka.

"Mimi sikuiita," akasema. "Niliomba mvua. Lakini kitu Mungu amekuletea mpaka mlangoni, kukirudisha ni kiburi."

"Mwambie ni nyasi yangu," Mzee Makokha alimwambia Nelima kutoka upande wa pili wa seng'enge. Yeye na Sista walikuwa hawajasalimiana tangu mwaka wa 2001, kwa sababu ya jiwe la mpaka.

"Mwambie matope yake pia yako ndani ya jikoni yangu," Sista akasema. "Akuje achukue yote pamoja."

Nelima aliinama, akainua ukingo wa kipande kimoja, akauachilia.

"Haiwezi kurudi," akasema. "Imeng'olewa mara moja Tongaren, mara ya pili na mvua. Tukiing'oa tena itakufa. Na hata ikirudi, udongo wa kuikalisha hauko tena."

"Na kuanza upya ni pesa ngapi?" Mzee aliuliza.

Nelima alimwambia. Mzee aliangalia mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umejifunika wingu. Karatasi aliyotia sahihi hakuitaja, wala Nelima hakuitoa mfukoni. Ilimlinda, lakini haikumfurahisha. Alikuwa ameuona mteremko ule. Daktari, kama angekuwa hai, asingemuuliza nani alitia sahihi. Angemuuliza kwa nini aliweka nyasi.

Ni Mama Joan aliyelitatua jambo hilo. Zilikuwa zimebaki siku tisa. "Wageni watakaa mahali nyasi iko," alisema, akarudi ndani.

Mzee Makokha hakuweza kwenda kwa Sista kwa miguu yake. Aliandika barua. Nelima ndiye aliyeibeba, kwa kuwa alikuwa anapita seng'enge kwa urahisi. Juu yake ilikuwa na tarehe na anwani za pande zote mbili, kisha: *KUH: OMBI LA KUTUMIA NYASI.* Sista aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye Biblia.

"Mwambie nimekubali. Lakini kwanza achimbe huo mfereji. Leo amenitumia nyasi, mwaka ujao atanitumia nyumba."

Kwa hiyo Mzee alilipa zile elfu kumi na tatu. Nelima alisimamia mfereji na ukuta. Baada ya hapo, yeye na Festus walikaa siku tatu zaidi kwa Sista, wakinyoosha vipande vilivyojikunja na kuvipigilia vigingi vya mwanzi. Kazi hiyo hakuiandika kwenye daftari. Festus hakuuliza kwa nini, alipigilia tu.

Wageni walikuja Jumamosi na pikapu mbili. Walivuka seng'enge iliyofunguliwa kwa ajili yao, wakakaa kwenye viti vya kukodi juu ya nyasi. Baba yake Kipchirchir, Mzee Kibiwott, mkulima wa mahindi, aliipapasa kwa kiatu na kumgeukia Sista, akidhani ndiye mwenyeji.

"Nyasi safi sana hii, mama. Iligharimu pesa ngapi?"

"Uliza Mzee Makokha," Sista akasema. "Bei anajua yeye."

Mzee Makokha aliweka kikombe chini. "Elfu arobaini na nane."

Mzee Kibiwott alitazama nyasi, akatazama ndugu zake, na mazungumzo yalipofika kwenye ng'ombe alisema kwa heshima kwamba familia inayoweka elfu arobaini na nane chini ya viti haiwezi kuwa na shida kubwa ya ng'ombe. Walianzia kumi na tatu, wakaishia tisa. Mama Joan alimtazama mumewe. Mzee Makokha alikuwa anaangalia maandazi.

Harusi ilifanyika mwezi wa nane. Nelima alialikwa, akaketi karibu na Sista, wakala wali wakizungumza habari za samadi. Kibiwott alimwita kwake huko Kwanza mwezi wa kumi. Alimshika Festus mkono, akamweleza kila kitu, Nelima akazunguka boma, kisha akamwambia kwamba mfereji unachimbwa kwanza na hauna bei ya kukatwa. Kibiwott alikubali bila kuvutana. Alisema amesikia.

Alipopita tena Bungoma kabla ya Krismasi, Nelima aliingia kuwasalimu. Mwamba wa Mzee Makokha ulikuwa bado mtupu, na mfereji juu yake ukipitisha maji vizuri sana. Ile seng'enge haikuwa imerudishwa. Mzee alikuwa upande wa pili, kwenye kiti cha Sista, anasoma gazeti la juzi na viatu amevua.

"Nyasi yako utaweka lini, Mzee?" Nelima akauliza.

"Ya nini?" akasema, akafungua ukurasa mwingine. "Sista, kuna chai?"